Aliyekuwa Akiitikia Redio

Mama yangu mdogo, Hilda, ana saa mbili ukutani, na ole wako umwambie kuwa moja imekosea. Ya kushoto ni ya huku kwetu. Ya kulia ni ya kwao, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na iko nyuma kwa saa moja kamili. Wageni wanaofika nyumbani kwake Kingerikiti kwa mara ya kwanza huinuka kwenye kiti ili wamsaidie kuirekebisha. Yeye huwaacha wafike, wanyanyue mkono, ndipo aseme, "Hiyo iache. Yenyewe inajua inachofanya."

Namwita mama mdogo kwa sababu ni mke wa baba yangu mdogo, marehemu Polikarpo, lakini kusema kweli ndiye mama niliye naye. Mama mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na kuanzia hapo nililala kwa Hilda, nikala kwa Hilda, nikachapwa na Hilda. Kwa hiyo haya siyaandiki kama jirani. Nayaandika kama mtoto aliyemkosea mama yake, na nalisema mapema ili msomaji asije akafika katikati ndipo agundue.

Alizaliwa Likoma, kisiwa kidogo cha Malawi. Akiwa na miaka kumi na tisa alivuka kuja Mbamba Bay pamoja na shangazi yake kununua mahindi. Baba Mdogo alikuwa akipakua mizigo gatini. Shangazi alirudi na mahindi, Hilda akabaki. Mtu mwingine angeishi naye palepale ziwani, kwenye joto na samaki, lakini Baba Mdogo alikuwa Mmatengo, ana miche yake ya kahawa mlimani, na hakutaka kusikia habari nyingine. Akampandisha Kingerikiti kwenye baridi. Mama Mdogo husimulia kuwa alipoyaona mashamba yetu ya ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo, alimuuliza mumewe ni watu gani hao wengi waliokufa kwa pamoja. Baba Mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakucheka, maana alikuwa ameuliza kwa dhati.

Basi alijifunza. Alijifunza kuchimba ngolo, kuchuma kahawa, kusema Kimatengo bila kuchekwa. Kwao walikuwa Waanglikana, akahamia Katoliki kumfuata mume, na leo ukimkuta kwenye jumuiya anavyowakemea wanaochelewa rozari utadhani alibatizwa na wamisionari wa kwanza. Alibadilisha vyote isipokuwa redio.

Kila siku, saa ya kulia ikigonga sita na nusu, aliacha alichokuwa akifanya. Awe shambani, awe jikoni, alikwenda kwenye redio. Wakati huo stesheni moja ya kwao husoma matangazo ya misiba. Husomwa jina la marehemu na kijiji chake, kisha husomwa majina ya wale wanaopaswa kujua, mmoja mmoja, na mahali walipo, kisha habari za maziko. Halafu msomaji hunyamaza kidogo kabla ya kuanza tangazo jingine. Kwenye ule ukimya mdogo Mama Mdogo alisema, kwa sauti kabisa, "Ndamva." Kwa Kinyanja cha kwao ni kusema: nimesikia.

Alisema hivyo kwa kila maiti, awe anamjua au hamjui.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anazungumza na sanduku. Akaniambia zamani kisiwani kwao habari ya msiba ilipelekwa na mtu, kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mtu huyo hakukaribishwa ndani wala hakupewa kiti. Alisimama mlangoni, akasema alichotumwa, na mwenye nyumba akajibu, "Ndamva." Hapo ndipo aliporuhusiwa kuondoka. Usipojibu, anabaki amesimama hapo hapo na mzigo wake, na marehemu naye anamngoja. "Huyu wa kwenye redio ndiye yule yule," aliniambia. "Amepewa tu miguu mirefu. Sasa wewe unataka nimwache mlangoni?"

Sisi watoto tulifanya mchezo. Redio ikitangaza mbolea, tunapiga kelele, "Ndamva!" Ikitangaza mpira, "Ndamva!" Alinizaba kofi moja ambalo bado nalikumbuka. "Usiitikie usichoambiwa," alisema. "Anaitikia aliyesikia."

Katika ndugu zake wote alikuwa amebaki mmoja, mdogo wake Lidia. Mara ya mwisho walionana mwaka 1998, Likoma, kwenye msiba wa mama yao. Walipoagana walikubaliana kuwa atakayetangulia, mwenzake atatajwa redioni. Mama Mdogo alimfundisha Lidia namna ya kumtaja: Hilda wa kwa Polikarpo, Kingerikiti, Tanzania. Lidia ulimi ulikuwa ukimshinda kwenye Kingerikiti, na wawili hao walicheka machozi yakiwatoka, mama yao hata arubaini hajatimiza.

Zilipokuja simu walikuwa wakipigiana kupitia kwa mjukuu wa Lidia. Kisha, yapata miaka sita sasa, namba hiyo ikaanza kutopatikana. Victor, mtoto wa pekee wa Mama Mdogo, karani huko Dodoma, aliuliza huku na huko akaambiwa Lidia alihama kisiwani akamfuata mwanawe bara, na bara ni kubwa. Sisi tulihuzunika. Mama Mdogo hakuhuzunika. Alituambia Lidia yuko hai, na ushahidi ni redio. Angekufa, wangesoma. Nikamwambia basi kusikiliza kila siku ni kujitafutia balaa. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu anayeigusa ile saa. "Mimi sisikilizi ili nisikie," alisema. "Nasikiliza ili nisisikie. Kila siku wasipomtaja, nimepata salamu yake."

Mwaka juzi redio ikanyamaza. Akabadilisha betri. Akahamisha redio kutoka mezani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye mti wa mparachichi. Mwishowe akanitumia kwa basi, imefungwa kwenye kanga, maana mimi ndiye fundi wa ukoo. Nina fremu karibu na stendi ya Mbinga: natoa kopi, nachapa barua, natengeneza kompyuta, na nilianza maisha kwa kutengeneza redio. Niliifungua. Redio ilikuwa nzima kuliko mimi. Nikaulizia kwa watu wanaovuka, ndipo nikaambiwa ile stesheni imeyaacha masafa yake ya zamani yaliyokuwa yakifika huku. Anayetaka kuisikia akiwa mbali aisikilize kwenye mtandao.

Nilipanda Kingerikiti kumweleza.

"Hawako hewani tena, Mama Mdogo. Wamehamia mtandaoni."

"Ni mbali?"

"Si mahali. Ni kwenye kompyuta."

"Wanasoma misiba huko?"

"Wanasoma."

"Basi nitafutie hiyo kompyuta," alisema. "Huu mwezi wa pili sijui kama nina mdogo au sina."

Haikupatikana haraka. Mwaka ukapita na miezi yake. Kuna siku nilimwekea stesheni kwenye simu yangu nilipomtembelea, lakini siku hizo zilihesabika, na za katikati ndizo zilizokuwa zikimla. Alikonda. Mwishowe Victor akapata kompyuta mpakato iliyokuwa imeachwa kabatini ofisini kwake, akaituma kwangu niiandae.

Ilikuwa mgonjwa wa kila kiungo. Betri yake haikushika chaji, ikawa inakwenda kwa waya tu. Feni ilijaa vumbi la Dodoma. Sauti haikutoka kabisa, nikatafuta programu ya sauti ya aina hiyo siku mbili. Kivinjari kilikuwa cha kale, hakikuufungua ukurasa wa stesheni hata kwa kubembelezwa. Na kila nilipoizima na kuiwasha, tarehe ilirudi mwaka 2009. Hili la mwisho ndilo nililochelewa kulijua. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa hata mashine ikizimwa. Ikifa hiyo, mashine inasahau siku, na kurasa nyingi za mtandao hazimfungulii mlango mtu asiyejua leo ni lini. Nikaweka betri mpya. Nikaandika tarehe kwa mkono wangu.

Nilimpigia Mama Mdogo kumweleza. Alifurahishwa na habari hiyo kuliko zote. "Ilikuwa bado iko mwaka ambao Polikarpo yu hai," alisema. "Na wewe umeivuta mpaka huku?"

"Nimeivuta."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Mama Mdogo."

Niliipamba kompyuta ile kama bibi harusi. Niliiwekea Kiswahili ili asome mwenyewe. Nilifuta vyote juu ya kioo, nikaacha alama moja tu, picha ya redio, ukiibofya stesheni inaongea. Saa ya kompyuta sikuiweka ya kwetu, niliiweka ya kwao. Nikanunua spika mbili. Nikaandika kwenye karatasi jinsi ya kurusha mtandao kutoka kwenye simu yake ya vitufe, ambayo yenyewe haikuweza kufungua stesheni, na kwamba simu ikae kwenye ile kona ya ukumbi inayotazama ziwa, maana kwingine mnara haushiki.

Jumatano, tarehe sita ya mwezi wa kumi na moja, ilikuwa siku ya majaribio. Niliiacha stesheni ikiimba dukani tangu asubuhi nione kama itakatika. Haikukatika. Mchana mwalimu mmoja, Mwalimu Ottilia, aliniletea mitihani ya darasa la nne nimtolee kopi. Mashine ya kopi inavuma, mimi napanga karatasi, stesheni ikaanza matangazo ya misiba. Niliyasikia kama mtu anavyosikia mvua. Lile la tatu lilikuwa la mwanamke aitwaye Lidia, aliyefariki Jumatatu, akazikwa jana yake. Wakataja watoto. Wakataja wajukuu. Kisha msomaji akasema kwamba wa mwisho ni dada yake, Hilda wa kwa Polikarpo, na hapo akajikwaa. Akajaribu Kingerikiti, ikamshinda. Akarudia pole pole, silabi kwa silabi, akaipata. Tanzania. Popote alipo, ajue.

Halafu akanyamaza.

Ukimya ule nilikuwa nikiusikia tangu utoto, lakini siku zote ulikuwa na sauti ya Mama Mdogo ndani yake. Siku hiyo ulikuwa mtupu. Nilikuwa na stepla mkononi. Nilijua kinachotakiwa kusemwa, na mdomo wangu haukufunguka. Msomaji akaendelea na tangazo la nne.

"Fundi, vipi?" Mwalimu Ottilia akaniuliza. "Mbona umesimama?"

"Nasikiliza kama sauti iko sawa," nikamjibu. "Iko sawa."

Nilifunga duka, nikampigia Victor. Alilia kwanza, kisha akawa mwanaume wa ofisini. "Kaka Placidi, usimwambie kwa simu. Unajua presha yake. Habari kama hii hapewi mtu kwa simu, na hapewi na yeyote tu. Mimi ndiye mtoto. Mwisho wa mwezi nakuja, nitakaa naye chini, wazee wakiwepo, nimwambie."

Nikakubali. Kwetu ndivyo ilivyo, na haikuwa desturi mbaya: msiba unaambiwa uso kwa uso, umeshikwa mkono, na watu wa kukudaka wako karibu. Nilijiambia Lidia ameshazikwa, hakuna maziko ya kuwahi, siku ishirini zitabadilisha nini? Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilifurahi kupata mtu wa kunikataza.

Kilichobaki ilikuwa kumzuia asiipate kompyuta, na hapo ufundi wangu ukanisaidia vibaya. Nchi nzima inajua fundi na uongo ni ndugu. Fundi cherehani, fundi viatu, fundi baiskeli, wote wimbo ni mmoja: njoo kesho. Uongo wangu haukumshtua mtu. Mama Mdogo akipiga simu, namwambia spika moja inakwaruza. Akipiga tena, nasema kuna programu inashuka pole pole. "Haya, mwanangu," anasema. "Haraka haraka haina baraka. Tengeneza vizuri." Na kabla ya kukata huwa ananiambia mahindi yamechipua kwenye ngolo za juu, au kwamba ameota Lidia amekuja na kapu la usipa, dagaa wa kwao ziwani, wamekaa nyuma ya jiko wanachambua. Ndoto ya usipa aliniambia mara mbili. Mara ya pili nilimwambia kuna mteja, nikakata simu, na dukani hakukuwa na mteja.

Mke wangu, Tadea, alinivumilia wiki mbili. Kisha akaniambia, akiwa anapepeta mchele wala haniangalii, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamjibu kwamba hii si maradhi, ni kifo chenyewe. Akasema basi ndiyo mbaya zaidi. Victor naye akapiga simu: likizo imekataliwa, atakuja Krismasi.

Alhamisi, tarehe ishirini na nane, saa tano asubuhi, Mama Mdogo akaingia dukani. Amevaa kitenge cha kanisani, ana kifurushi cha maharage mabichi ya Tadea, ana karatasi yangu ya maelekezo niliyompelekea, imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Nimeona nikufuate. Hata ikiwa na spika moja, nitaichukua hivyo hivyo. Sikio langu lenyewe limebaki moja."

Kompyuta ilikuwa juu ya kabati, nzima, imefunikwa kitambaa. Hakukuwa na pa kuificha. Niliishusha nikaiwasha, na miziki ya kwao ikajaa fremu yote. Akaweka kiganja juu ya spika, akaguna. Kisha akaiona saa kwenye kona ya kioo, akasogea karibu. "Umeiweka saa yangu," alisema. Machozi yalimlengalenga. "Watu wote wanataka kuirekebisha. Wewe umeiweka."

Akakaa kwenye benchi la wateja na hakutaka chai. Alingoja saa mbili na nusu. Wateja waliingia na kutoka, wakimwamkia, anaitikia. Mimi natoa kopi zilizopinda. Mara tatu nilisogea kusema, mara tatu mtu aliingia akitaka picha ya pasipoti au bahasha, nami nikamshukuru moyoni kila aliyeingia.

Sita na nusu ya kwao ikafika. Matangazo yalikuwa manne. Aliketi wima, mikono magotini, na baada ya kila moja akasema, "Ndamva." Vijana waliokuwa wakisubiri kopi walitazamana. Tangazo la nne lilipokwisha, ikaja sauti ya biashara, tangazo la mbolea, naye akashusha pumzi ambayo nadhani ilikuwa imebanwa tangu redio iliponyamaza. Akanigeukia anacheka.

"Umeona? Hawajamtaja. Yupo."

Wakati huo ningeweza kunyamaza. Angerudi na kompyuta yake, angesikiliza kila siku, na Lidia asingetajwa tena kamwe. Angekufa na mdogo aliye hai. Usifikiri sikulifikiria hilo, nililifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini alikuwa anacheka, na kile kicheko sikukiweza.

"Mama Mdogo," nikasema. "Lidia alisomwa."

"Leo? Wamesoma wanne, nimewasikia."

"Si leo. Jumatano ya tarehe sita. Nilikuwa naijaribu."

Wale vijana wakatoka wenyewe bila kuambiwa. Nilianza kueleza habari za Victor, presha na wazee, akaninyanyulia mkono.

"Mimi walinitaja?"

"Walikutaja."

"Vizuri?"

"Ilimshinda Kingerikiti. Akarudia mpaka akaipata."

Uso wake ulitaka kutabasamu, ukashindwa. "Lidia naye alikuwa haiwezi," alisema. "Lazima ndivyo alivyowaachia hilo jina." Kisha akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa nikilikimbia siku ishirini na mbili. "Nani aliitikia?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha kompyuta.

"Placidi. Jina langu limeitwa dukani kwako, ukiwa umesimama hapo. Nani aliitikia?"

"Hakuna mtu, Mama."

Alitazama mlango wa duka, si kwa ghafla, alitazama kama mtu anayetazama aliyeko pale. Mimi pia nilitazama, Mungu anisamehe, na niliona aibu kwa ule mlango mtupu kuliko nilivyowahi kuona aibu mbele ya mtu.

"Basi sema wewe," nikamwomba. "Sema sasa. Si umeshajua?"

"Nimeambiwa," alisema. "Sijasikia. Anaitikia aliyesikia." Akageukia kompyuta, akaisogelea mpaka magoti yakagusa meza. "Ulisema tarehe yake umeivuta kwa mkono. Kutoka ule mwaka wa Polikarpo mpaka huku."

"Ndiyo."

"Basi hii ni kidogo. Irudishe kwenye Jumatano ile."

Ningemweleza kwamba tarehe ni maandishi tu, kwamba kilichosemwa Jumatano kilikwisha Jumatano. Nilikuwa nimeshatafuta: mahubiri wanayahifadhi, miziki wanaihifadhi, matangazo ya misiba hawayahifadhi. Lakini siku hiyo sikuwa na haki ya kumweleza chochote. Nilifungua mahali pa saa. Nikaandika tarehe sita. Nikabofya ile picha ya redio. Mbolea ikakatika katikati ya neno, kioo kikawa cheupe, na ukurasa ukakataa kufunguka. Kompyuta ikaandika kwa Kiswahili nilichoiwekea mwenyewe. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma somo kanisani.

"Saa yako iko nyuma."

Akasoma tena kimya kimya. "Ni saa moja tu," aliiambia kompyuta. "Siku zote ni saa moja tu." Hapo ndipo alipolia.

Nilimpeleka nyumbani mwenyewe. Matanga yalikaliwa siku tatu, majirani wakaja, jumuiya ikaja, Victor akapewa ruhusa ambayo mwanzoni haikuwepo. Alikuja na hasira zake kwangu, akanikuta nina za kwangu zinazotosha, akaniacha. Mama Mdogo alinyoa nywele, akaombewa misa, akala alichopewa. Alifanya yote yanayofanywa na mfiwa. Lile neno moja hakulisema kwa ajili ya Lidia, na mpaka leo hajalisema.

Niliiandikia stesheni mara mbili niwaombe wamsome tena. Hawakujibu.

Kompyuta iko Kingerikiti, kwenye kona inayotazama ziwa. Anaiwasha kila siku. Sasa hasikilizi ili asisikie, maana hana tena wa kutotajwa. Anasikiliza kwa sababu kuna mtu anasimama mlangoni. Lakini mtandao wa mlimani ni wa kuazima, mvua ikinyesha unakatika, na hilo linamtesa. Siku ya mwisho ya matanga aliniita pembeni akanipa adhabu yangu. Hakuniambia kuwa ni adhabu. Aliniambia nami niwe nafungua stesheni dukani saa hiyo hiyo, na kila atakayesomwa nimwitikie, kwa sauti, bila kujali nani yupo.

Nafanya hivyo. Saa saba na nusu mashine ya kopi huzimwa. Wateja wa zamani wamezoea, wapya hudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Jana mvua ilikuwa kubwa mlimani. Matangazo yalipokwisha simu ikaita.

"Nimesikia watano," Mama Mdogo alisema. "Ukakatika."

"Walikuwa saba, Mama."

"Wawili waliobaki uliwaitikia?"

"Niliwaitikia."

"Haya," akasema, akakata simu.